Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwenyeji yupi?

Chukua risiti ya hoteli ya kawaida mjini Orlando, Florida. Chumba ni dola 150 kwa usiku mmoja. Chini yake kuna kodi ya mauzo ya jimbo, asilimia 6, yaani dola 9. Kuna nusu asilimia ya kaunti, senti 75. Kisha kuna kodi ya maendeleo ya utalii, asilimia 6 nyingine, dola 9 tena. Jumla 168.75. Wageni wengi hata hawaisomi mistari hiyo. Ukiwa na watoto wawili na masanduku manne mlangoni, unachotaka ni teksi ifike.

Hizo dola 9 za mwisho ndizo zenye mgogoro. Florida ilitunga sheria mwaka 1977 kuruhusu kaunti zake kutoza kodi hiyo ya utalii, iitwayo pia kodi ya vitanda, na mwaka uliofuata wapiga kura wa Kaunti ya Orange, ambamo Orlando imo, wakaikubali. Ilianza na asilimia 2. Leo ni 6, na inaingiza zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka. Lakini fedha hizo zina kufuli. Sheria inataka zitumike kutangaza utalii na kujenga vitu kama vituo vya mikutano, viwanja vya michezo, kumbi za sanaa na makumbusho. Kwa kaunti hii, mshahara wa mwalimu haumo, wala dawa za zahanati.

Wanaoitetea kufuli hiyo wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Kwanza, kodi inalipwa na mtu wa mbali, kwa jambo alilolifuata mwenyewe. Pili, kila mwenye hoteli anajua kinachotokea fedha zikishamiminwa kwenye mfuko mkuu wa serikali: zinayeyuka, na baada ya miaka mitano hakuna anayeweza kukuonyesha zimejenga nini. Kwa Orlando unaonyeshwa. Kituo cha mikutano cha kaunti, kilichofunguliwa mwaka 1983 na kupanuliwa mara kadhaa, ni miongoni mwa vikubwa kabisa Marekani. Tatu, na hii kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, kuna Aprili 2020. Hoteli zilifungwa kwa sababu ya korona na makusanyo ya mwezi ule yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 95 ukilinganisha na Aprili ya mwaka uliotangulia. Kama kodi hiyo ndiyo ingekuwa inalipa zimamoto na walimu, wangelipwa nini?

Upande wa pili unaanza na swali la mzunguko. Kodi inajenga ukumbi, ukumbi unaleta wageni, wageni wanaleta kodi, kodi inapanua ukumbi. Mwaka 2023 Orlando ilihesabu wageni milioni 74. Wageni wote hao wanapita barabara zilezile, na vitanda vyao vinatandikwa na watu ambao ujira wao haujapanda kwa kasi ya pango la nyumba. Mwaka 2022 meya wa kaunti, Jerry Demings, aliwaomba wananchi waongeze asilimia 1 kwenye kodi ya mauzo ili kugharimia usafiri wa umma. Wakakataa. Sishangai: unaombwa utoe mfukoni mwako ilhali unaona mamilioni yamefungiwa kabatini, tena yametokana na msongamano uleule unaokukera.

Mpaka hapo unaweza kusema ni sare. Kinachoniondoa mimi katikati ni habari ya katikati ya jiji. Watalii wa Orlando hawalali huko. Wako kwenye bustani za burudani za Disney na mtaa wa hoteli wa International Drive, mwendo wa gari kutoka mjini. Hata hivyo, mwaka 2006 kaunti iliongeza asilimia ya sita ili, pamoja na mengine, isaidie kujenga upya maeneo ya mjini: uwanja wa ndani wa timu ya mpira wa kikapu ya Orlando Magic, uliofunguliwa mwaka 2010, na jumba la sanaa la Dr. Phillips Center, lililofunguliwa mwaka 2014. Ni majengo mazuri, na yamewarudisha watu mjini jioni. Ila tuambizane ukweli: wengi wanaokaa kwenye viti vile ni wenyeji. Kwa hiyo neno "utalii" lilishanyooshwa zamani, likafika hadi kwenye tamthilia na kikapu. Linapotakiwa kunyooka kidogo tu lifike kwenye basi la mfanyakazi wa hoteli, ndipo tunaambiwa sheria hairuhusu.

Mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kidogo. Kaunti zinaweza kutumia sehemu ya kodi hiyo kwa miundombinu kama barabara na mabomba, kwa masharti ya uchambuzi wa mtaalamu huru na theluthi mbili ya kura za baraza. Lakini hiyo ni kwa kujenga. Dereva wa basi hajengwi, analipwa kila mwezi. Na mwaka 2025 wabunge wa jimbo walijadili pendekezo la kupeleka kodi ya vitanda kupunguza kodi ya majengo ya wenyeji. Hilo lingependwa sana na wenye nyumba. Aliyepanga chumba angesubiri huruma ya mwenye nyumba wake.

Zanzibar ina tozo yake ya miundombinu, iliyopandishwa mwaka 2023 kutoka dola 1 hadi dola 5 kwa mtu kwa usiku. Jina lake angalau linataja barabara na maji moja kwa moja. Lakini tazama hesabu ya tozo ya kichwa inapotozwa sawa kwa wote: wawili waliolala chumba cha dola 40 wanatoa 10, robo ya bei, wawili waliolala kwenye jumba la dola 800 wanatoa 10 hizohizo. Kwenye hilo asilimia za Florida zina haki zaidi.

Mimi nisingeivunja kufuli ya Orlando. Aprili 2020 inatosha kunizuia. Ningebadilisha tu orodha ya vilivyomo ndani, niweke mabasi ya usiku na nyumba za bei nafuu kwa wanaofanya kazi hotelini, kwa kiwango kisichozidi kile ambacho akiba inaweza kukibeba mwaka mbaya. Reli ya SunRail inapita mjini lakini haifiki International Drive, wala uwanja wa ndege. Mhudumu anayetoka zamu saa tano usiku anategemea basi la Lynx, ambalo tiketi yake ya siku nzima ni dola 4.50. Dola 9 za kile chumba kimoja zingewalipia wawili. Nauli, hata hivyo, wanayo. Wanachongoja pale kituoni ni basi.