Dodoma ina nafasi, lakini tunaimaliza kwa viwanja

Jumamosi asubuhi, njia ya kwenda Kikombo inajaa magari ya watu wanaopelekwa kuonyeshwa viwanja. Dalali anashuka, anapita katikati ya mabua ya uwele, anaonyesha bikoni: hapa mita za mraba 900, kile pale 1,200, hiki cha kona bei yake nyingine. Ndivyo nilivyonunua na mimi kule Nzuguni miaka sita iliyopita, na siku ile nilimshukuru Mungu.

Leo naishi kwenye theluthi ya kiwanja changu. Sehemu iliyobaki ni vumbi, maana bustani ya ukubwa ule nani ataimwagilia kwa maji haya ya mgao? Majirani nao ni hivyo hivyo. Kila mtu na ukuta wake, na ndani ya ukuta ardhi tupu, huku watoto wa mtaa mzima wakicheza mpira barabarani. Kwenye mchoro tulioonyeshwa wakati wa kununua kulikuwa na eneo la wazi. Sasa lina msingi wa nyumba. Tulipouliza, tukaambiwa matumizi yalishabadilishwa.

Ninachokitaka ni kanuni ya jiji inayomruhusu mwenye shamba kubwa, au kampuni ya kupima viwanja, kukusanya nyumba upande mmoja wa ardhi na kuuacha wazi upande mwingine. Idadi ya nyumba isipungue. Tuseme shamba ni la hekta 10, yaani mita za mraba 100,000. Ukikata viwanja 80 vya mita 900 umeshatumia 72,000; ukitoa na barabara, unabaki na vipande vya pembeni visivyotosha hata uwanja wa mpira. Nyumba hizo hizo 80 zikipewa mita 350 kila moja zitachukua 28,000. Weka 12,000 za barabara, ambazo nazo zitakuwa fupi. Zimebaki 60,000, zaidi ya nusu ya shamba: korongo lipite, mibuyu isimame, shamba la zabibu liendelee kuzaa. Na anayejua gharama ya kuvuta umeme nguzo tatu hadi mlangoni kwake hahitaji kuelezwa faida ya nyumba kukaa karibu karibu.

Huko Marekani, mji wa Radburn katika jimbo la New Jersey ulijengwa kuanzia 1929 kwa mtindo wa nyumba kutazama bustani ya pamoja. Ni mfano mzuri, ila sisi tuna wa kwetu. Tembe la Mgogo lilikuwa vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua, paa la udongo, mifugo katikati, na nje ya hapo ardhi ya kulima na kuchunga. Waliolijenga waliijua nchi hii kavu, inayopata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, tena ndani ya miezi michache tu.

Kwenye maji ndipo ninapokosa usingizi. Kwa miongo mingi mji huu umekunywa maji ya visima vya bonde la Makutupora. Maji yale ya chini hayajazwi na kila mvua. Watafiti waliofuatilia visima hivyo tangu miaka ya 1950 wameonyesha kwamba hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998, maji yanapotiririka kwenye mabonde na makorongo ya mchanga na kuzama. Korongo unalolipita Septemba likiwa limekauka kabisa ndilo mlango wa maji hayo. Tukilijaza kifusi, tukalipima viwanja, tunauziba kwa mikono yetu, na siku mvua kubwa ikirudi maji yatapita sebuleni kwa mtu.

Mpango Mkuu wa kwanza wa makao makuu, ule wa 1976 uliochorwa na wataalamu kutoka Kanada, uliliona hilo mapema. Ulipanga makazi ya kufikika kwa miguu na kwa basi, na kati yake milima na mabonde yabaki wazi. Halafu watu wakaja. Sensa ya 2012 ilituhesabu 410,956. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Kila mgeni anataka kiwanja kikubwa, na simlaumu, nami nilikitaka.

Wazee wana wasiwasi wao, na una msingi. Wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walihamishiwa vijijini, nyumba zikasogezwa pamoja na mashamba yakabaki mbali. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia, "Mwanangu, sisi tulishakusanywa mara moja." Nilinyamaza, kwa sababu yeye aliyaishi. Kwa hiyo pasiwe na kulazimishana. Anayetaka ekari yake na mabanda ya kuku aendelee. Anayekubali kukusanya nyumba apunguziwe gharama za upimaji na apate kibali mapema.

Ila sharti moja lisilegezwe: ardhi iliyoachwa wazi iwe na hati yake, kwa jina la wakazi wote kwa pamoja, na hati hiyo iandikwe kwamba matumizi hayabadiliki. Wazo hili si geni kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua ardhi ya pamoja ya kijiji, na sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inatambua maeneo ya pamoja ya wenye nyumba. Bila hati, neno "eneo la wazi" kwenye mchoro ni kiwanja kinachomsubiri mnunuzi.

Nyuma ya mtaa wetu limebaki korongo moja lenye mibuyu miwili. Wiki iliyopita nimekuta bikoni mpya kwenye ukingo wake. Jumapili hii tunakutana kwa mwenyekiti wa mtaa, na nimeshaanza kukusanya saini za majirani.