Sukari ya kwenye mkia wa bakteria H. pylori, tuilenge kwa dawa au tuiache?

Nasikia sana watu wa dawa wakisema hizi sukari za ajabu za bakteria ni za maprofesa kuandikia makala, kidonge hakitoki humo. Ni kweli vizuizi vingi vya vimeng'enya vinavyozitengeneza vinafanya vizuri kwenye kichupa, ukivipeleka kwa bakteria mzima vinagoma kuingia ndani kwa sababu vimebeba chaji nyingi mno. Hapo wana haki.

Ila angalieni asidi ya pseudaminiki kwanza, ndo hiyo sukari ya mkiani. Ni sukari ya kaboni 9, binadamu hatuna kabisa, na H. pylori, huyu huyu wa vidonda vya tumbo, anaitengeneza kwa hatua 6 tu akianzia kwenye sukari ile ile anayojengea ukuta wake. Kimeng'enya cha kwanza kinatoa maji na kugeuza umbo, cha pili kinabandika amino, cha tatu asetili, cha nne kinakata UDP, kishikizo kilichokuwa kimeibeba, cha tano ndo kinaongeza kaboni 3, cha sita kinaifunga na CMP, kishikizo kingine, iwe tayari kupachikwa kwenye mkia. Sasa ng'oa kimoja tu kati ya hivyo, mkia haujengeki. Na kwenye FlaA, protini kuu ya huo mkia, sukari hii inakaa sehemu 7 tu! Saba, jamani, na bila hizo hakuna kuogelea kwenye ute wa tumbo, na kwenye vitoto vya nguruwe vilivyopewa bakteria wasio na mkia, bakteria hao hawakudumu tumboni.

Halafu klarithromaisini, antibiotiki ya H. pylori ambayo hao watu wa dawa wanaitetea, inatokana na erithromaisini, antibiotiki ya zamani zaidi, na kinachoshika ribosomu (mashine ya bakteria ya kutengeneza protini) humo ni pamoja na desosamini, sukari ya ajabu ya bakteria mwingine wa udongoni, kwa hiyo kidonge kilishatoka humo zamani tu. Tena ndo hiyo hiyo inayochoka, mwaka 2017 WHO iliweka H. pylori sugu kwa klarithromaisini kwenye orodha ya vipaumbele vya juu.

Swali gumu kwangu ni moja, ukimnyima mkia bakteria ambaye ameshakaa tumboni miaka na miaka, anaondoka au anatulia tu? Kumzuia kuhamia si sawa na kumfukuza. Ndo maana mi dawa ya kuzuia sukari hii ningeijaribu kwa wagonjwa ambao klarithromaisini imeshafeli, iongezwe juu ya dawa ya kuua bakteria, isichukue nafasi yake.