Mji wa Zanzibar hauishii Darajani

Wiki iliyopita, nikiwa Darajani nasubiri daladala, nilimsikia kijana mmoja anayetembeza watalii akiwaeleza wageni wake, kwa uhakika wa kutisha, kwamba pale walipofika ndipo mji wa kale unapokoma, na kwamba ng'ambo ya barabara hakuna cha kuona ila maduka na majumba ya Wajerumani. Wageni wakazima kamera zao, wakarudi walikotoka. Simlaumu sana kijana yule, kwa sababu alichokisema kwa mdomo ndicho ambacho mabango, vijitabu vya utalii na baadhi ya wakubwa wetu wamekuwa wakikisema kwa vitendo, hasa tangu UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Barabara ile ilikuwa maji. Mkono wa bahari uliozitenganisha pande mbili za mji ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo mtu anavuka kutoka sokoni hadi upande wa pili, unaoitwa Ng'ambo, bila kulowa hata kidole. Bahari ikafukiwa, dharau ikabaki. Upande mmoja kuna historia, yenye milango ya kuchonga na tiketi za kuingilia, na upande wa pili, kwa mujibu wa mtazamo huu, kuna watu tu.

Watu hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya mambo tunayojivunia. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba akiwa mtoto wa watumwa, alikuja mjini akaishi Ng'ambo, na kutoka huko sauti yake ikafika Bombay kurekodiwa kwenye santuri mwaka 1928. Mwaka huohuo wa 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe kwa miti na udongo juu ya viwanja vya watu wengine, wengi wakiwa wamekaa miaka mingi bila kudaiwa cha maana, hadi wenye viwanja walipoona kwamba mji umekua na kwamba ardhi iliyokuwa haina thamani sasa inaweza kuzaa fedha. Wanawake, ambao wengi wao walikuwa wamiliki wa nyumba hizo, walikuwa mstari wa mbele katika mgomo huo. Na asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964, sauti ya John Okello ikitangaza mapinduzi iliposikika redioni, ilitoka Raha Leo, huku Ng'ambo, si Forodhani. Nani amewahi kumpeleka mgeni Raha Leo akamweleza hayo?

Hata hivyo kinachoniuma zaidi si utalii. Ni namna Ng'ambo ilivyogeuzwa karatasi tupu ya kila mtaalamu anayeteremka na penseli yake. Mwingereza Lanchester alichora mpango wa mji mwaka 1923. Mwenzake Kendall akachora mwingine mwaka 1958. Wajerumani wa Mashariki wakaja na wao mwaka 1968, na Wachina wakafuata mwaka 1982. Katika yote hayo ni mpango wa Wajerumani ulioacha alama isiyofutika, yaani majumba ya Michenzani, yaliyopangwa kwa mistari miwili mirefu inayokutana kwenye mzunguko kama msalaba, yakipita juu ya vichochoro, vibaraza, visima na nyumba za watu ambao mistari ile haikuwauliza jina.

Najua nitakayojibiwa, na nusu yake ni kweli. Mzee Karume alitaka mtu mnyonge aliyelala chini ya makuti yanayovuja apate nyumba ya matofali, umeme na choo cha ndani, na hilo si jambo dogo. Kuna familia ambazo hadi leo zinamwombea dua kwa ajili ya fleti hizo. Nakubali. Lakini nyumba ya Ng'ambo haikuwa kibanda cha kujikinga mvua tu. Mbele ilikuwa na baraza ambapo mwanamme angeweza kumpokea mgeni bila kumwingiza ndani, katikati ukumbi wenye vyumba kila upande, na nyuma ua wenye jiko, ambamo wanawake walipika, walisukana nywele na kulea watoto wa mtaa mzima bila kuonekana na wapita njia. Fleti ilichukua mambo yote hayo ikayabana ndani ya kuta nne, halafu ikayapandisha ghorofani.

Niliwahi kuhudhuria maziko katika mojawapo ya majumba yale, ghorofa ya juu. Marehemu alioshwa chumbani, maji yakachukuliwa kwa ndoo, na ulipofika wakati wa kumtoa, wanaume waliobeba jeneza walilazimika kuliinua juu ya vichwa kila walipofika kwenye kona ya ngazi, huku mmoja akitangulia chini kwa kurudi kinyumenyume na kuwaelekeza, "Polepole, shehe, ukuta huo." Wanawake walikuwa wamejaa kwenye ngazi hizohizo kwa kukosa ua wa kukaa. Mchoraji wa jumba lile hakumfikiria maiti, wala hakufikiria harusi, khitma au sufuria ya pilau ya watu mia mbili.

Sasa tumeanza tena. Kwahani mtaa wa zamani umebomolewa kupisha maghorofa mapya, na kila mara nasikia neno "kisasa" likitamkwa kana kwamba linamaliza mjadala. Sisemi nyumba za udongo zibaki hivyohivyo. Anayesema hivyo mara nyingi hulala penye kiyoyozi. Na wala asiniambie mtu kwamba Mji Mkongwe ndio unaotunzwa ipasavyo, wakati Beit el Ajaib, jumba lake mashuhuri, iliporomoka upande mmoja mchana kweupe Disemba 2020.

Ninachodai ni kidogo mno. Katika muongo uliopita kulikuwa na kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, iliyopita mitaani ikaandika ni majengo gani, miti gani na vibaraza vipi wenyeji wanavithamini. Basi kabla mtaa mwingine haujawekwa alama ya kubomolewa, michoro ya majumba yanayokuja ibandikwe kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwa Kiswahili, ikiwa na vipimo vya ngazi, na mama wa mtaa aruhusiwe kumwuliza mhandisi, mbele ya wenzake, ni wapi katika ghorofa hilo atamwoshea mumewe.