Tazama Birika Kabla ya Pangaboi

Kaskazi, msimu wetu wa joto, imeshika hapa Lamu. Saa nne za asubuhi sakafu ya juu haikanyagiki, leso zinakauka kabla hujamaliza kuzianika, na ukipita mtaa wa Langoni utasikia mazungumzo ni yale yale: bei ya pangaboi. Wiki hii nimeulizwa mara tatu ni lipi lifaalo kwa nyumba ya mawe kama yetu, la kusimama au la kuning'iniza. Nami huwajibu kwa swali ambalo nimeona linawaudhi: maji yenu mnaweka wapi?

Si ukaidi. Joto letu hapa, hata mwezi wa tatu ambao ndio mchungu kuliko yote kabla ya mvua za mwaka, hucheza kwenye nyuzi 31, 32, 33. Linachosha, linakosesha usingizi, na kwa mzee au mtoto mchanga lina hatari yake. Lakini siku mji huu ulipolala kitandani karibu wote kwa mpigo, jua halikuwa na kosa la moja kwa moja. Ugonjwa ulitoka kwenye mapipa yetu wenyewe.

Waliokuwapo mwaka 2004 hawahitaji kukumbushwa. Mvua ilikuwa haba, maji yakawa ya kubahatisha, kila nyumba ikajaza kila chombo ilichonacho: mapipa, madumu, sufuria za arusi, mpaka beseni la kuoshea mtoto. Ilipofika katikati ya mwaka homa ikaingia. Nakumbuka nikitoka chumbani kwenda chooni nimeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, kiganja kimoja ukutani, na mama aliyekuja kunishika mkono ameinama vilevile. Tulikuwa sita ndani ya nyumba, tukaugua watano. Vifundo vya mikono vilinivimba hata kukamua tui nikashindwa, na maumivu yalikaa na mimi miezi baada ya homa kwisha. Chikungunya, tukaambiwa. Neno ni la Kimakonde, la huko kusini mwa Tanzania ambako ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na maana yake ni huko kujikunja. Mswahili aliyeugua alilielewa bila mkalimani.

Baadaye watafiti walipima damu za watu na kukadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa mji walikuwa wameupata. Robo tatu! Kutoka hapa ukashuka Mombasa, ukavuka mpaka Ngazija na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Na sababu waliyoitaja ndiyo ninayotaka tuikumbuke kila kaskazi: ukame ule, joto lile, na maji yaliyokaa majumbani muda mrefu bila kubadilishwa.

Sasa nije kwenye aibu ya nyumba yetu. Bibi yangu alikuwa na birika chooni, si la chai bali tangi la maji la mawe na chokaa, limejengwa pembeni mwa ukuta kama nyumba za zamani za mtaa wa Mkomani. Ndani yake walikaa samaki wadogo, warefu kama kidole cha mwisho. Kule chini, sakafuni mwa birika, palikuwa na bakuli la kauri lililozamishwa kwenye chokaa, ili maji yakipungua sana samaki wapate pa kujibanza. Utotoni nilidhani ni pambo. Bibi alikuwa haruhusu sabuni ikaribie, na kata ya kifuu aliichovya polepole asije akamchota mmoja. Kazi ya wale samaki ilikuwa moja tu, kula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa.

Miaka michache kabla ya 2004 tulilivunja lile birika. Mjomba alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na hela kidogo, akasema choo kinanuka uzee. Tukaweka vigae, bomba la mvua, na kwa kuwa maji ya bomba hayakuwa ya kutegemewa, tukaweka pipa la plastiki la buluu. Halikuwa na kifuniko. Samaki walitiwa kwenye ndoo wakapelekwa kwa jirani. Kwa hiyo homa ilipokuja ilitukuta tumekwisha kujifungulia mlango, na hakuna fundi wala serikali ya kulaumu. Nyumba ya jirani waliyopelekwa samaki iliugua pia, maana mbu hasomi mipaka ya nyumba.

Mbu mwenyewe unamjua. Ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni, wakati umekaa kibarazani unachambua mchele. Mtaro mchafu haumvutii sana. Yeye apenda maji safi, ya ndani, kwenye kivuli. Yaani anapenda unachopenda wewe. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji yanapofikia, na kwenye joto hili wiki moja au zaidi kidogo inatosha yai kuwa mbu anayeruka. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunamwaga maji, tunajaza mapya, tunaona tumefanya usafi. Mayai yamebaki yameng'ang'ania ukutani, nayo huweza kukaa makavu miezi yakisubiri maji yapande tena. Chombo lazima kisuguliwe. Mimi hutumia kumbi la nazi na mchanga kidogo, kila Ijumaa asubuhi kabla ya jua kukaza, nikizungusha kwa nguvu pale kwenye ule mstari wa utelezi. Kisha kifuniko, na kama kifuniko hakikai sawasawa basi kitambaa kifungwe kwa kamba. Tangi la juu pia lipandiwe likaguliwe, maana huko kifuniko hupeperushwa na upepo na hakuna anayejua mpaka mvua.

Chandarua tunacholalia usiku ni cha mbu mwingine, yule wa malaria. Usikiache, lakini usidhani kinakulinda na huyu wa mchana. Mtoto anayelala baada ya adhuhuri, mtandazie chandarua hata kama jua linawaka.

Basi ndiyo kusema pangaboi halina maana? La. Ninalo, na usiku umeme unapokatika huwa wa kwanza kulalamika. Ninachokataa ni hii dhana kwamba nyumba ya afya ni nyumba iliyopozwa, na kwamba kupoza ni kununua kitu. Nyumba hizi zilikuwa zinajipoza. Kuta za mawe ya matumbawe zina unene wa karibu dhiraa nzima, hulinywa joto polepole mchana. Kiwanda, ule uwazi wa katikati, hutoa hewa ya moto juu. Vichochoro vyembamba hivi tunavyogombania na punda vinafanya ukuta wa mwenzio uwe kivuli chako. Na jiko liliwekwa juu kabisa ya nyumba, moshi ukaenda zake na joto lake, badala ya kupikia chini na kuwachoma waliolala.

Lakini tusizitukuze kupita kiasi. Vyumba vya ndani vilikuwa giza, na waliokaa humo mchana kutwa walikuwa wanawake. Bibi alikohoa miaka mingi, nami siwezi kusema ule ubaridi wa chumba chake usio na dirisha ulimfaa. Nilipourithi ule upande wa nyumba jambo la kwanza nililofanya ni kutoboa tundu la hewa juu, karibu na boriti, kuelekea kiwandani. Wazee wawili walinuna. Chumba kikaacha kunuka.

Jambo la pili nililofanya lilikuwa baya, na nalisema ili asirudie mwingine. Chokaa ya ukuta wa chini ilikuwa inamomonyoka. Fundi akaniambia, "Mama, tupige saruji tu, umalize maneno." Nikamaliza maneno. Tukapiga plasta ya saruji mpaka kimo cha mtu, juu yake rangi ya mafuta, ya kijani kama ya zahanati. Ilipendeza kaskazi moja. Ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa kupumua kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unatafuta njia nyingine. Wa kwangu ulipanda. Ukatokea juu ya mstari wa plasta, chumvi ikachanua kama unga, ukungu mweusi ukaota nyuma ya kabati, na mwanangu akaanza kuamka na kifua kinachopiga mluzi. Nilibandua yote kwa tindo, nikalipa mara ya pili zaidi kuliko mara ya kwanza, nikarudisha chokaa iliyolowekwa vizuri na kupakwa safu nyembamba nyembamba. Chokaa nyeupe inasukuma jua, inaacha ukuta ukauke, na ukungu haustawi juu yake kirahisi. Haing'ai kama rangi ya dukani. Wacha isingʼae.

Dada yangu yuko mtaa wa Wiyoni, kwenye nyumba ya matofali ya saruji na mabati, na kwake mahubiri haya ya matumbawe hayana faida. Tulichofanya kwake ni kidogo: bati tumelipaka rangi nyeupe, chini yake tukatandika silingi ya mikeka mikuukuu juu ya fito, na tukaifungua nafasi kati ya ukuta na paa ambayo fundi alikuwa ameiziba kwa bidii. Nafasi hiyo ina wavu wa mbu. Mapazia hufungwa upande wa jua asubuhi, yakahamia upande wa pili alasiri. Kitanda ni cha kamba, cha marehemu mama, na godoro limewekwa pembeni mpaka kusi, msimu wa ubaridi, ije. Watoto walicheka siku ya kwanza, sasa wanakigombania, kwa sababu hewa inapita chini ya mgongo.

Miaka hii Ramadhani inaangukia kaskazi, na hapo jikoni pana hatari ambayo pangaboi haliigusi. Mchuzi wa nazi uliopikwa alasiri, ukafuturiwa magharibi, ukaachwa mezani hadi daku, ni mchuzi mwingine kabisa. Hauanzi kunuka mara moja. Unaanza kwa ule utando wa mapovu madogo pembeni mwa sufuria. Kwangu kilichobaki baada ya futari kinaingia kwenye friji kikipoa kidogo tu, na asiye na friji apike cha kufuturu na cha daku mbali mbali, hata kama ni taabu. Na kunywa maji kati ya futari na daku, maji hasa, si chai ya tangawizi tu. Ya kisima yachemshwe au yatiwe klorini. Mtungi wa udongo unayapoza vizuri kuliko watu wanavyokumbuka, ila nao hupata utelezi ndani, nao usuguliwe.

Mwenye kufunga kiyoyozi na afunge, simwonei kijicho. Namwomba mambo mawili. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kile chombo cha nje yasikusanywe kwenye kopo la rangi lililosahauliwa, kwa kuwa nimeyaona makopo hayo na nimechungulia ndani. La pili, ukishafunga madirisha yote ili baridi isitoke, usiingize jiko la mkaa humo, hata la kufukizia ubani kidogo. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya.

Na kuna jambo ambalo hatulisemi kwa sauti kwa sababu linagusa riziki za watu. Mji huu una nyumba nyingi nzuri zilizokarabatiwa ambazo wenyewe huja wiki chache kwa mwaka. Zina mabirika mapya, vidimbwi vya kuogelea, mitungi mikubwa ya mapambo yenye maua ya maji. Mwenyewe akiondoka, mlinzi hubaki na ufunguo wa lango tu. Nyuma ya nyumba yangu ipo moja. Nilimwita mlinzi, tukapanda pamoja, kidimbwi kilikuwa kimebaki maji ya kifundo cha mguu na viluwiluwi vinacheza humo kama herufi zinazojiandika. Hakuwa amekatazwa kuyamwaga. Hakuna aliyewahi kumwambia. Yalikauka siku ile ile. Lakini ningependa kazi hiyo isingoje jirani mwenye kero kama mimi, na mabaraza ya mitaa yanayokutana kujadili mitaro na kinyesi cha punda yaongeze swali la nyumba zilizofungwa.

Birika la bibi nimelijenga upya mwaka juzi, pale pale, dogo kuliko la kwanza. Bakuli la kauri lilikuwa halijatoka, lilikuwa limezikwa chini ya vigae vya mjomba, na lina ufa mmoja tu. Samaki niliwaomba kwenye nyumba ile ile ya jirani. Wajukuu wa wale wetu, kwa hesabu yangu. Walikuja kumi na wawili kwenye chupa ya maji. Juzi nilihesabu kumi na mmoja, leo kumi. Kuna paka mmoja wa kijivu ambaye siku hizi analala ukingoni mwa birika akijifanya anatafuta ubaridi.