Mtori kwa Viluwiluwi

Upimaji wa sumu kwa viluwiluwi wa chura una kanuni nyingi, lakini iliyo kubwa katika jaribio la saa 96 ni kwamba mnyama halishwi mpaka muda umalizike. Chakula huchafua maji, hushikana na madini yaliyoyeyuka, na mwisho wake mtafiti hawezi kujua kama kiumbe amekufa kwa sumu au kwa kuvimbiwa. Kanuni hiyo nilikuwa nimeiandika katika daftari, nikaisoma mbele ya msimamizi wangu, kisha nikaibandika ukutani juu ya meza ya majaribio. Mtu pekee ambaye haikumgusa ni mlinzi wetu wa usiku, mzee mwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo, huko juu Marangu, ambaye hajapata kumpita kiumbe mwenye njaa bila kumpa kitu.

Tulikuwa Moshi, na swali letu lilikuwa limetoka mashambani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro hupambana na magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani kwa dawa zenye shaba, ambazo wengi wao huziita mrututu bila kujali rangi wala kopo lake, na mvua inaponyesha sehemu ya shaba hiyo huweza kuteremka mpaka kwenye mifongo (mifereji) na nduwa (mabwawa) za kumwagilia. Katika maji kama hayo, yaliyotulia, ndipo yule chura mnene mwenye ngozi ya chunjua, ambaye wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis, hutaga mayai yake kwa maelfu katika kamba ndefu zilizopangika kama shanga. Shirika la Afya Duniani humruhusu binadamu kunywa maji yenye shaba ya miligramu 2, yaani mikrogramu 2,000, kwa lita. Kiluwiluwi hana ngozi ya kuhimili ruhusa hiyo: ioni huru za shaba hujishika kwenye matamvua yake, ambayo ndiyo anayopumulia majini, na kumfanya apoteze chumvi za mwilini, na aina nyingi huanza kudhurika kwenye kiwango cha chini zaidi ya hicho.

Chura huyu tulimpenda pia kwa sababu watoto wake hawana mapafu yanayofanya kazi mpaka wanapokaribia kuota miguu, kwa hiyo hutegemea hewa iliyomo ndani ya maji tu. (Yule chura mashuhuri wa Kihansi asingetufaa hata kidogo, kwa kuwa yeye huzaa vitoto ambao tayari ni vyura kamili, na kiluwiluwi wa kutumbukizwa katika bakuli huwezi kumpata kwake.)

Bakuli zilipangwa kwa utaratibu. Za kwanza zilikuwa na maji matupu, yaani maji ya bomba yaliyopulizwa hewa mpaka klorini ikaisha, na hizo ndizo zilikuwa kipimo cha kulinganishia. Zilizofuata zilitiwa shaba ya mikrogramu 50, 100, 200, 400 na 800 kwa lita. Tulitarajia kwamba katika maji matupu wote wangeishi, katika 800 wengi wangekufa, na katikati tungepata kile kiwango kinachoua nusu yao, ambacho ndicho kila mtu katika fani hii hukitafuta.

Jioni ya kwanza mzee alikuja kupokea zamu. Kwa kuwa alikuwa na ufunguo, nilimwomba kila usiku aingie mara moja kuangalia kwamba chumba hakijapata joto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na hawa wanakula nini?"

"Hawali, babu, mpaka Ijumaa."

Aliwatazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akavua kofia yake na kuivaa tena.

Hesabu ya saa 24 ilitushangaza kidogo, kwa sababu katika 800 hakuna aliyekufa. Katika saa 48 ilitushangaza zaidi. Fundi sanifu wa maabara, mtu asiyecheka ovyo, alichukua chupa ya mrututu, akasoma lebo, akapima upya uzito wake kwenye mizani, akakuta kila kitu kiko sawa. Wakati huohuo maji matupu yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, na viluwiluwi wake walikuwa wamekusanyika juu wakifungua na kufunga vinywa. Msimamizi aliamua kwamba bomba ndilo lenye hila, na siku ya tatu nzima tulipima klorini ambayo haikuwapo.

Asubuhi ya saa ya 96 ndiyo tuliyokuwa tumewaalika wajumbe wa chama kimoja cha wakulima waje waone kwa macho yao madhara ya shaba. Waliingia wakiwa wamevaa vizuri, wakakaa kwenye viti vya maabara ambavyo ni virefu kuliko adabu inavyoruhusu, na msimamizi akawaeleza kwa ufasaha kwamba upande wa kushoto wataona uhai na upande wa kulia wataona mauti. Kisha akafunua kitambaa. Kushoto, katika maji matupu, viluwiluwi wote walikuwa wamelala chali. Kulia, katika mikrogramu 800, karibu wote walikuwa wakikimbizana kwa furaha ya wanafunzi waliosikia kengele ya mapumziko.

Palikuwa na kimya, kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele akakohoa.

"Profesa," alisema kwa heshima kubwa, "mimi nimepiga mrututu tangu ujana wangu nikiambiwa kwamba naua vyura. Kumbe kinachoua ni maji ya bomba."

Mwenzake akauliza kama inafaa basi kuweka mrututu kidogo kwenye bwawa lake la samaki, na ilichukua muda na nguvu kumkataza.

Wageni walipoondoka, fundi sanifu alianza kuchukua sampuli ili apime shaba iliyoyeyuka. Katika kazi hii, kilichoyeyuka ni kile kinachopita kwenye kichujio chenye matundu ya mikrometa 0.45, na maji safi hupita humo bila shida. Ya kwetu yalikataa. Alibonyeza bomba la sindano mpaka mishipa ikamtoka shingoni, akabadilisha kichujio, nacho kikaziba. Alikifungua, akakisogeza puani, akafumba macho.

"Hii ni ndizi," alisema. Akanusa tena. "Na nyama ya ng'ombe."

Mlinzi wetu mzee aliitwa, akaja bila wasiwasi wowote, kwa kuwa hakuona kosa liko wapi. Alieleza kwamba mke wake humpa chupa ya mtori kila jioni, na kwamba mtori hupewa mzazi aliyetoka kujifungua, mgonjwa na mtoto, hivyo hakuona kwa nini viumbe hawa wanyimwe. Kila usiku alikuwa akiwagawia kwa kijiko, na alfajiri alikuwa akiyatoa mabaki kwa kichujio cha chai ili sisi tukute meza safi. Wale wa kulia aliwapa kidogo sana, kwa sababu walionekana wagonjwa na hawakuwa na hamu. Wale wa kushoto, wenye afya, ndio waliokuwa wakila vizuri, kwa hiyo aliwaongezea.

Baada ya hapo kila kitu kilijieleza. Upande wa kulia kijiko kidogo cha mtori kilizifunga ioni za shaba hata zisiweze kufika kwenye matamvua, na shaba iliyobaki ikawazuia bakteria wasistawi, maji yakabaki mazuri. Upande wa kushoto mtori ulikuwa mwingi na shaba haikuwapo, bakteria wakafanya karamu, wakamaliza hewa yote, na watoto wasio na mapafu hawakuwa na pa kukimbilia. Kwa kuwa vifo katika maji ya kulinganishia havipaswi kuzidi asilimia 10 na vyetu vilikuwa asilimia 100, jaribio zima likafutwa.

Hata jaribio lililofutwa hujaziwa fomu, na fomu ina nafasi ya kutaja kila kitu kilichotiwa majini. Fundi sanifu aliandika: "Sulfati ya shaba, mtori, vijiko, idadi haijulikani." Msimamizi aliirudisha kesho yake ikiwa na swali moja kwa wino mwekundu: mtori wenyewe una shaba kiasi gani? Lilikuwa swali halali, kwa kuwa ndizi na nyama vyote vina shaba, na halikuweza kujibiwa bila sampuli. Mzee alipoombwa alileta sufuria nzima, yenye moto, pamoja na bakuli na vijiko. Kijiko kimoja kilikwenda kwenye mashine.