Acheni kubahatisha mabano

Mpe mwanafunzi 6x² + 11x − 10 atafute vigawo, uone atakavyokimbilia kubahatisha. Anachora mabano mawili matupu, anajaza 2x na 3x, au x na 6x, kisha anapachika 1, 2, 5 na 10 huku akigeuza alama mpaka ikubali. Mabano hayo yanajazika kwa namna 16. Mwenye bahati anapata mapema. Mwingine anaondoka akiamini hisabati si fani yake.

Mimi niko upande wa njia ya makundi. Zidisha namba ya mbele na ya mwisho: 6 × −10 = −60. Namba mbili zenye zao −60 na jumla 11 ni 15 na −4. Basi 11x ivunje: 6x² + 15x − 4x − 10. Kundi la kwanza ni 3x(2x + 5), la pili −2(2x + 5). Mabano yamefanana, jibu ni (2x + 5)(3x − 2). (Wengi huteleza kwenye kundi la pili: ukitoa −2 nje, ndani inabaki +5, si −5.) Ukitanguliza −4x badala ya 15x, jibu ni lile lile. Anayekata maksi kwa sababu ya mpangilio huo anaonea watu.

Kinachoniudhi ni hiyo −60 kufundishwa kama amri. Kwa nini tuzidishe namba za pembeni? Fungua (px + q)(rx + s): katikati unapata psx na qrx. Sasa ps × qr ni sawasawa na pr × qs, yaani namba ya mbele mara ya mwisho. Mistari miwili tu ubaoni, lakini hairukwi bure. Inamaanisha kwamba vigawo vikiwepo, lazima jozi hiyo iwepo.

Chukua 6x² + 11x + 2. Zao ni 12. Jozi chanya ni 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4; jumla zake 13, 8 na 7. Jozi hasi zitatoa jumla hasi. Hakuna 11, kwa hiyo hakuna vigawo vya namba kamili, na hilo limethibitika, mtu hajakata tamaa tu. Akipewa mlinganyo 6x² + 11x + 2 = 0, achukue moja kwa moja kanuni ya jumla ya kutafuta x katika milinganyo yenye x²; chini ya alama ya kipeuo atakutana na 73.