Feni lililopuliza kwa nyuma

Jamani hii nimeiona kwa macho yangu hapa Ujiji, sijasimuliwa. Vijana wa mtaani tulijitolea kutengenezea watu vitu vya nyumbani bure, tukakaa chini ya mwembe (sio ule waliokutania Livingstone na Stanley 1871, huu wetu kazi yake kutudondoshea maembe vichwani tu), umeme tukavuta kwa ekstensheni kutoka dukani kwa jirani, watu wakaleta pasi, redio, sabufa zinazokoroma, kuna mmoja kaleta rimoti tupu, tv yenyewe anasema alishauza. Mi nilishika daftari.

Akaja mama na feni la kusimama, eti linaguna tu halizunguki mpaka ulisukume na kidole. Mwenzetu mmoja, yule tunamuita injinia, hata hajaligusa kasema kapasita hiyo (kile kidude kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) imechoka, na hapo kweli alipatia. Akatoa ya zamani akaweka ya maikrofaradi 1.5 aliyonyofoa kwenye feni bovu, ila waya kaunga kwa imani tu. Nikamwambia si ungepiga picha kwanza kabla hujakata, akanijibu "we andika".

Sasa mota ya feni ukikosea waya za kapasita inaweza kuzunguka kinyume, na ikizunguka kinyume upepo unatokea mgongoni. Na mgongoni kulikuwa na mama ntilie na jiko lake la mkaa, majivu ya toka asubuhi, pembeni yake mwenyekiti wa mtaa kwenye kigoda, kanzu nyeupe ya pasi, anasubiri chai.

Injinia kabonyeza namba tatu. Sisi wa mbele tumetoa nyuso, upepo hakuna. Nyuma tukasikia "Yalaaa!" Mwenyekiti haonekani, imebaki kofia inaelea kwenye wingu la majivu. Sasa badala ya kuzima, injinia si akaligeuza, likaanza kuvuta yale majivu yaliyobaki na kutumwagia sisi, daftari langu mpaka leo lina unga wa kijivu.

Tulipochomoa waya, watu wanakohoa, mwenyekiti anajipangusa huku anamtafuta injinia, ambaye alishafika barabarani. Mama ntilie yeye anaangalia jiko. Mkaa mwekundu wote, chai inafurika.

"We mama, hilo feni unauzaje?" akamuuliza mwenye feni.

"Elfu ishirini. Na vijana wasiliguse tena."

"Kumi na tano."

"Mnisikilize kwanza mimi," mwenyekiti anasema, "chai yangu iko wapi?"